Majina 412 ya mjomba, kutoka 053 hadi +255

Nimekuwa kimya wiki mbili tatu hizi na wengine mmeanza kuuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Nilikuwa Pongwe kwa mjomba, na kazi niliyokuwa naifanya huko ni kufuta majina yaliyojirudia kwenye simu yake. Msicheke. Siku nne nzima tumekaa barazani, mimi na simu, yeye na daftari lake la karatasi, na nimetoka pale na kipande cha historia ya nchi hii ambacho chuoni sikukisikia.

Kwa msioijua Pongwe: ni kata ya Jiji la Tanga, ukitoka mjini kwa barabara ya kwenda Muheza na Segera. Kiwanda cha saruji kipo hapo tangu 1980, na reli ya zamani ya Wajerumani, ile iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, inapita huko huko. Mjomba ni mstaafu, ana miaka sabini na kitu, ana akili timamu kuliko mimi. Tatizo lake ni simu.

Kisa kilianza na msiba. Mwaka 2024 alifariki mama mkubwa, dada yao mjomba na mama yangu. Alifariki alfajiri, na mnajua huku kwetu pwani maiti haikai, maziko yakapangwa baada ya sala ya alasiri. Mjomba mwenyewe akashika simu akaanza kutuma ujumbe kwa ndugu na jamaa. Mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kutumiwa alikuwa rafiki yake wa Muheza, mtu aliyefanya naye kazi zaidi ya miaka ishirini, ambaye kwenye simu kamwandika "Swahiba". Alasiri ikafika, tukazika, swahiba hakuonekana.

Alikuja siku ya tatu, kwenye hitima. Alipewa mkono, akakaa, akala kidogo, halafu akasema mbele za watu: "Bwana we, mimi ni mtu wa kuambiwa msiba wako na kondakta wa daladala?" Mjomba akatoa simu kumwonyesha ule ujumbe. Mzee akavaa miwani, akasoma, akamrudishia. "Namba hii si yangu. Hii niliiacha wewe ukiwa bado kazini." Chini ya ujumbe kulikuwa na jibu ambalo mjomba hakuwa amelisoma, maana lilipoingia tulikuwa makaburini: "Poleni sana kwa msiba ila mmekosea namba."

Basi. Tangu siku ile mjomba hakuwa na raha na ile simu, na nilipopata likizo nikaenda.

Nilifungua nikakuta majina 412. Swahiba peke yake alikuwapo mara tano: "Swahiba", "Swahiba Voda", "Swahiba Celtel", "Sahiba 2" na "Swahiba Muheza". Mtu mmoja, majina matano, namba tano zinazotofautiana. Mimi kwa ujana wangu nikataka nibonyeze mahali nizifute zote ibaki moja. Mjomba akasema, "Taratibu mjomba, utafuta ipi wakati hujui ipi ni ipi?" Akaingia ndani akaleta daftari.

Daftari lile ni la miaka mingi, jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu. Kurasa za mwanzo ni za wakati wa Shirika la Posta na Simu, lile lililokuja kugawanywa mwaka 1994, posta ikaenda kivyake na simu ikawa TTCL. Namba nyingi humo ni za ofisini, maana nani alikuwa na simu nyumbani Pongwe? Zimeandikwa na 053 mbele, ndiyo iliyokuwa namba ya Tanga. Baadaye 053 imekatwa kwa kalamu na juu yake pameandikwa 027. Mabadiliko hayo yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Dar ilikuwa 051 ikawa 022, Zanzibar 054 ikawa 024, na Tanga ikawekwa kapu moja na Arusha na Moshi, wote 027.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu. Kwenye daftari, namba inapobadilika unaikata na kuandika mpya juu yake. Ya zamani unaiona, lakini unaiona imekatwa. Simu haikati. Ukipewa namba mpya na ukaihifadhi upya, ile ya zamani inakaa pale pale ikiwa na heshima ile ile, jina lile lile, na siku ya msiba zote zinakutazama kwa usawa.

Sasa tuje kwenye simu za mkononi. Mobitel walianza mwaka 1994, wakafuata Tritel ambao hawakudumu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakawa wamepotea. Zantel wakaanzia Zanzibar mwaka 1999. Vodacom wakaingia Agosti 2000 na Celtel mwaka 2001. Mjomba alinunua laini yake ya kwanza wakati huo, na anasema ulikuwa ukitembea Pongwe na simu kiunoni watoto wanakufuata. Kila mtandao ulikuwa na namba zake za mwanzo, na watu wa umri wake bado wanazitaja kama majina ya mitaa: Mobitel 0741, Vodacom 0744, Zantel 0747, Celtel 0748.

Mwaka 2006 namba zikabadilishwa nchi nzima. Mimi nilikuwa darasa la kwanza, sikumbuki chochote. 0741 ikawa 0713, 0744 ikawa 0754, 0747 ikawa 0777, 0748 ikawa 0784. Tarakimu sita za mwisho hazikuguswa. Hebu fikiria kazi hiyo: kila mwenye simu alitakiwa aingie kwenye majina yake yote arekebishe moja moja, kwenye kisimu cha vitufe, kila herufi unabonyeza mara tatu. Nani angefanya? Mjomba alifanya walivyofanya wengi. Mtu akimpigia kwa namba mpya, anaihifadhi upya pembeni ya ile ya zamani, basi.

Nikamuuliza, miaka yote hiyo hukugundua kwamba "Swahiba" wa kwanza ni namba mfu? Akanijibu kitu kilichonisumbua siku nzima: "Akipiga yeye, jina linatokea. Nikimpigia mimi, mara apatikane mara asipatikane. Nikajua ni mtandao wa Muheza."

Jibu nimelipata baadaye, na ni tamu. Simu nyingi za zamani, na hata simu janja nyingi zilizofuata, namba ikiingia hazilinganishi namba nzima na ile uliyohifadhi. Zinalinganisha tarakimu saba za mwisho, kwa sababu mwanzo wa namba unaweza kuandikwa kwa namna nyingi, kwa sifuri au kwa +255. Sasa chukua 0744 na tarakimu sita, na chukua 0754 na tarakimu sita zile zile. Hesabu saba kutoka mwisho. Zinafanana kabisa! Kilichobadilika mwaka 2006 kwa mtu wa Vodacom kiko nje ya zile saba. Kwa hiyo swahiba akipiga kwa 0754, simu inaiona ile 0744 ya zamani na kusema huyu ni Swahiba. Wa Zantel naye yumo, 0747 na 0777 zinaishia na saba ile ile. Lakini wa Mobitel na Celtel hawakuwa na bahati hiyo, 0741 na 0713 haziachi tarakimu ya saba ileile, wala 0748 na 0784. Hao jina halikutokea, ikabidi wahifadhiwe upya, na ndiyo maana kwenye simu ya mjomba "Swahiba Celtel" na "Sahiba 2" ni laini moja, ya kabla na ya baada ya 2006.

Na ile 0744 haikukaa mfu milele. Vodacom leo wana wateja wanaoanza na 074, wateja wapya kabisa. Ndiye huyo aliyetujibu poleni sana. Mtu muungwana, Mungu ambariki.

Mtauliza kwa nini swahiba alikuwa na laini mbili. Nani hakuwa nazo? Kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine ilikuwa ghali, kila kampuni ikawa na ofa za watu wa mtandao wake, na mtu akabeba laini mbili tatu kwenye pochi, anabadilisha kama betri ya redio. Simu za laini mbili kutoka China zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 2000 watu walipumua. Gharama za mwingiliano, yaani kile kampuni moja inachoilipa nyingine kupokea simu yake, TCRA walizishusha hadi shilingi 34.92 kwa dakika Machi 2013, na Januari 2018 zikafika 15.60. Tofauti ya bei ikapungua, lakini majina ya zamani yakawa yameshakaa: "Juma Voda", "Juma Tigo", "Juma Zain".

Zain! Kuna watu watano kwenye simu ile wanaitwa fulani Zain. Celtel ilibadili jina kuwa Zain mwaka 2008 na mwaka 2010 ikawa Airtel, na mjomba ni mtu wa kufuata taarifa, kampuni ikibadili jina naye anahifadhi upya. Fundi baiskeli wake yupo kwa Celtel, kwa Zain na kwa Airtel, na tukipuuza lile badiliko la 2006, ni namba moja. Mobitel nayo ikawa Buzz, ikawa Tigo, na tangu Novemba 2024 ni Yas. Bahati nzuri kwa Yas nimewahi kumzuia. Halafu tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo "Juma Voda" anaweza kuwa yuko Airtel na hakuna haja ya kumwandika mtandao tena.

Chanzo kingine ni vyombo vyenyewe. Kadi ya laini ilitengenezwa ibebe jina fupi na namba moja tu. Mtu mwenye namba mbili lazima awe watu wawili. Kadi nyingi zilibeba majina kati ya 100 na 250 hivi, na kisimu chenyewe kidogo zaidi, ile Nokia 1100 ya mwaka 2003, kitochi chenyewe, ilikuwa na nafasi ya majina 50. Majina yakijaa kwenye laini, yanaanza kuingia kwenye simu, na mtu huyo huyo anakuwa sehemu mbili.

Binti yake aliyeko Dar alipomletea simu janja, mjomba alipeleka vyote kwa fundi simu mmoja mjini, jina simtaji. Fundi akanakili majina kutoka kwenye laini kwenda kwenye simu. Akanakili, hakuhamisha, kwa hiyo yakabaki kote kuwili. Kisha akafungua akaunti ya Google na kunakili tena humo. Jina moja likawa matatu kwa dakika kumi, na mjomba akalipa fedha.

Sasa nikiri kosa langu. Siku ya kwanza, kabla ya daftari kutolewa, nilikuwa nimeshaingia kwenye programu ya majina ya Google, mle kuna sehemu inakuonyesha majina yanayofanana na kukuuliza kama uyaunganishe. Ilikuwa na mapendekezo sitini na kitu. Nikabonyeza kuunganisha yote, nikajiona mtaalamu. Jioni mjomba akataka kumtumia Saidi wa mkaa shilingi elfu thelathini. Akafungua jina, akakuta Saidi ana namba nne. Mbili ni za muuza mkaa, mbili ni za Saidi mwingine kabisa, wa Maramba, ambaye kwa maneno ya mjomba akipata elfu thelathini yako hutaiona tena.

Mashine inaangalia jina. Lakini huku kwetu Tanga majina ni yale yale: Saidi, Ali, Mohamedi, Hamisi, Mwanaidi, Mwanahamisi. Ukichukua mtaa mmoja wa Pongwe una Ali wa kutosha timu ya mpira na wachezaji wa akiba. Hapo hapo mtu mmoja anaandikwa Hamisi leo na Khamis kesho, na mashine inawaona wawili. Wataalamu wa kumbukumbu wanahangaika na jambo hili tangu kabla ya kompyuta kuenea, kuna Mmarekani Halbert Dunn aliyeandika mwaka 1946 juu ya kuunganisha kumbukumbu za mtu mmoja zilizotawanyika ofisi mbalimbali. Nina hakika hakuwahi kukaa Pongwe.

Saidi wa mkaa aliokolewa na M-Pesa. Ukitaka kutuma fedha, kabla ya kuthibitisha linatokea jina la mwenye laini, na tangu usajili wa alama za vidole majina hayo si ya kubuni. Mjomba aliona jina la baba si lenyewe, akaacha. Mimi nikarudi kwenye mipangilio ya akaunti kutendua mabadiliko, Google wanaruhusu kurudisha majina yalivyokuwa ndani ya siku 30 zilizopita. Yakarudi yote 412. Sikuwahi kufurahi hivyo kuona uchafu.

Kuanzia hapo tulikwenda mwendo wa mzee. Kwanza nikatoa nakala ya majina yote kwenye faili moja, lile linaloishia na vcf, nikajitumia kwenye barua pepe. (Aina hiyo ya faili ipo tangu miaka ya 1990, na ndiyo maana karibu kila simu inaisoma, iwe ya Google au iPhone.) Kisha nikahakikisha kila kilichopo kwenye laini kipo pia kwenye akaunti, ndipo nikafuta vya kwenye laini. Hapo tu, bila kuunganisha mtu, tulishuka hadi majina 301. Baada ya hapo namba zote nikaziandika kwa mtindo mmoja, +255 mwanzo, sifuri imeondoka. Hata WhatsApp inazitambua vizuri zaidi zikiwa hivyo.

Halafu ndiyo tukaanza jina kwa jina. Mimi nasoma, mjomba anatazama daftari. Zinazoanza na 0741, 0744, 0747 na 0748 tuliziweka pembeni kama washukiwa, kwa kila moja nikatafuta pacha wake wa baada ya 2006. Ilibidi tuwe waangalifu, maana wajukuu wa watu wana 074 za kisasa ambazo ni halali. Zile ambazo mjomba hakumbuki kabisa ni za nani, tulianza kama tunatuma shilingi mia tano, tukasoma jina, tukaghairi. Siyo njia ya vitabuni lakini Tanzania nzima inaitumia.

Laini nyingi zilikuwa zimekufa, na tarehe ya kifo tunaijua. Usajili wa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwisho ukawa Desemba 31, Rais Magufuli akaongeza siku hadi Januari 20, 2020. Wasio na namba ya NIDA walipoteza laini, na wenye laini tatu walisajili moja wanayoijali. Swahiba naye aliiacha ile ya Airtel ife wakati huo. Kwa hiyo katika namba zake tano, iliyo hai ilikuwa moja, ile iliyofungwa ndani ya "Swahiba Voda" na kurudiwa ndani ya "Swahiba Muheza" kwa +255.

Kuna mahali mashine isingetufikisha hata kwa miaka mia. Mjomba ana dada wa kambo Mombasa. Kapo mara mbili: mara moja kwa +254, mara nyingine namba inaanza na 005. Kijana wa leo ataona 005 aseme ni kosa la kuandika. Siyo kosa. Kutoka Tanzania ulikuwa ukipiga Kenya kwa 005 na Uganda kwa 006, na wao wa Kenya wakitupigia kwa 007, utaratibu wetu wa Afrika Mashariki bila kupitia mlango wa kimataifa. Jina nalo ni tofauti, kwa +254 ameandikwa kwa jina lake, kwa 005 ameandikwa "Dada Likoni". Mjomba alicheka sana nilipotaka kuifuta.

Siku ya nne tulifika kwa waliotangulia mbele ya haki. Walikuwa ishirini na tatu. Niliacha simu mezani nikamwambia hapa sifanyi kitu, amua mwenyewe. Alipitia wote, kila mmoja akimtaja na mahali alipozikwa. Kumi na tisa akafuta kwa kidole chake. Wanne akawaacha, na mama mkubwa ni mmoja wao. Namba yake sasa labda iko kwa mtu mwingine, nikamweleza. Akasema anajua.

Tumemaliza na majina 236. Swahiba ni mmoja, namba moja. Mjomba alimpigia pale pale barazani kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, wakaanza kwa salamu ndefu, wakaja kwenye bei ya mahindi, na nusu saa baadaye nikasikia, "Huyu mpwa wangu kanitengenezea, sasa hivi uko mmoja tu."

Jioni nilimkuta kafungua daftari ukurasa mpya, anahamisha majina kutoka kwenye simu kwenda kwenye karatasi, moja moja, mwandiko wa mkoloni uliolala upande. Amefika herufi M. Ameniomba nikirudi nimletee kalamu nyekundu.